Elimu ya Dunia: Ndara Iko Wapi?

Mtu wa Voi akiulizwa Ndara iko wapi, hana haja ya ramani. Hunyosha mkono upande wa kusini, ambako mlima umesimama juu ya nyika, akasema, "Ndiyo ile." Jibu hilo latosha kwa mtu aliyesimama karibu naye. Lakini karani aliye Nairobi, dereva wa gari la wagonjwa anayeitwa usiku, au rubani aliye angani, hawauoni mkono ule. Nao wakiambiwa jina tu, huenda wakapotea, kwa kuwa mlima huo wengine huuita Ndara na wengine huuita Sagalla, na jina la Ndara hutajwa pia kwa nyika iliyo chini yake. Jina la mahali ni mali ya majirani. Watu wa mbali huhitaji kitu kingine cha kuongeza juu ya jina, nacho ni hesabu.

Hesabu hiyo zamani ilikuwa kazi ya mabaharia na wapima ardhi peke yao. Siku hizi kila mwenye simu ya mkononi anaibeba mfukoni, wala wengi hawajui maana yake. Kwa hiyo yafaa ielezwe, maana asiyeielewa anaweza kupelekwa mahali pasipo pake, au hata kugombana na jirani yake bure.

Hasara ya kuwa na majina bila hesabu ilionekana katika nchi hiyohiyo ya Wataita. Mwaka 1847 Johannes Rebmann, mmishenari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika katika mlima wa Kasigau, ambao vitabu vya siku zile viliuita Kadiaro. Mwaka uliofuata alipita tena katika nchi ya Wataita akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei, 1848, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Habari zake zilipofika Uingereza, mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye mwenyewe hakupata kusafiri katika nchi hizi, alizikataa katakata. Baadaye Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walitoa ramani iliyochapishwa mwaka 1856. Ramani hiyo ilitungwa kwa habari za wafanya biashara na wapagazi waliopita bara. Majina mengi yalikuwa ya kweli, lakini maziwa makubwa ya bara yaliunganishwa yakawa ziwa moja refu lililopindika, ambalo Wazungu walilifananisha na konokono asiye na kaka.

Wasafiri wale hawakusema uwongo. Walihesabu njia kwa siku za mwendo, na siku za mwendo si kipimo kimoja. Mpagazi mwenye mzigo huenda polepole, tarishi asiye na mzigo huenda mbio, na wakati wa mvua wote wawili husimama mtoni. Mambo yalianza kunyoka pale watu walipokuja na vyombo vya kupimia. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa mawe na miamba, na mwaka 1862 alirudi pamoja na Otto Kersten. Mabwana hao walipima, na maneno ya Rebmann juu ya theluji yakathibitika. Joseph Thomson alipopita Ndara mwaka 1883 na kumkuta mmishenari J. A. Wray mlimani, ubishi juu ya theluji ulikuwa umekwisha.

Basi hesabu yenyewe ni ipi? Dunia ni mviringo, na mviringo hauna pembe wala ukingo wa kuanzia kupima. Lakini dunia huzunguka kama pia, na kila kinachozunguka kina ncha mbili zisizohama. Ncha hizo ni Kaskazini na Kusini. Katikati yao, kwa umbali ulio sawa, umepita mstari wa Ikweta. Mstari huo haukubuniwa na mtu. Unatokana na mzunguko wa dunia yenyewe. Kutoka Ikweta watu huhesabu digrii 90 kwenda kila ncha, na hesabu hiyo huitwa latitudo. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Mji wa Voi uko takriban digrii 3 na dakika 24 kusini ya Ikweta, yaani kama kilomita 376. Dakika zinazotajwa hapa si dakika za saa: ni sehemu ya 60 ya digrii, na kila dakika nayo ina sekunde 60. Dakika moja ni karibu kilomita 1.8, na sekunde moja ni karibu mita 31. Mlima wa Ndara uko kama dakika 6 kusini ya mji wa Voi, yaani mwendo wa kilomita 11 hivi.

Msomaji asidhani kwamba latitudo haipimiki ila kwa mashine za ghali. Mwalimu wa shule yoyote ya Voi anaweza kuipima uwanjani pamoja na wanafunzi wake. Achukue fimbo iliyonyoka ya mita moja, aisimamishe wima kwa timazi, kisha aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache karibu na adhuhuri. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, nacho hulala sawasawa kaskazini na kusini. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, jua huwa juu ya Ikweta. Siku hizo kivuli cha fimbo hiyo hapo Voi ni kama sentimita 6, nacho huelekea kusini. Pembe ya kivuli hicho ni digrii 3 na kitu, na hiyo ndiyo latitudo ya Voi. Mwishoni mwa Juni kivuli hurefuka kufika kama sentimita 50 upande wa kusini. Karibu na Krismasi hugeuka, kikawa kama sentimita 36 upande wa kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, jua hupita juu ya utosi, na fimbo haina kivuli hata kidogo.

Usiku nako nyota husaidia. Manahodha wa Kiarabu waliokuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi walipima kimo cha Nyota ya Kaskazini kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Kila walipoteremka kusini nyota ile ilishuka, mpaka karibu na Ikweta ikazama baharini. Ndiyo maana mtu wa Ndara haioni, hata mbingu ikiwa safi namna gani.

Latitudo peke yake haitoshi. Mtu akisema "digrii 3 na dakika 24 kusini", ametaja duara zima linalozunguka dunia, linalopita Voi na nchi nyingine nyingi na bahari kubwa. Inatakiwa hesabu ya pili, ya mashariki na magharibi, nayo huitwa longitudo. Hapa ndipo penye taabu, kwa sababu katika kwenda mashariki na magharibi dunia haina ncha wala Ikweta. Kila mahali pana haki ya kuitwa mwanzo. Kwa muda mrefu kila taifa kubwa lilihesabu kutoka mji wake, hata ramani mbili za nchi moja zikapingana. Mwaka 1884 wajumbe wa serikali 25 walikutana Washington, Marekani, na wengi wao wakakubali mwanzo uwe mstari unaopita katika nyumba ya kuangalia nyota huko Greenwich, karibu na London. Mstari huo ni mapatano ya watu tu, lakini mapatano yanayofuatwa na wote yana faida kuliko haki ambayo kila mmoja anaivutia kwake.

Longitudo hupimwa kwa saa. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, basi kila saa ni digrii 15, na kila digrii ni dakika 4 za saa. Mwenye saa inayoonyesha wakati wa Greenwich, akingoja adhuhuri ya jua mahali alipo, anaweza kujua yuko digrii ngapi kutoka Greenwich. Kanuni hiyo ilijulikana zamani, lakini saa ya kuaminika baharini haikuwako, mpaka John Harrison, fundi seremala wa Uingereza, alipoitengeneza katikati ya karne ya 18. Voi iko takriban digrii 38 na dakika 34 mashariki. Kwa hiyo adhuhuri ya Voi hutangulia ya Greenwich kwa muda wa saa 2 na dakika 34. Lakini saa za Afrika ya Mashariki zimewekwa saa 3 kamili mbele, kwa kufuata mstari wa digrii 45 ulio mbali mashariki. Tofauti yake ni dakika 26. Ndiyo sababu kivuli kifupi cha fimbo hapo Voi hakitokei saa 6 kamili mchana, bali karibu na saa 6 na dakika 26. Na kwa kuwa mwendo wa jua si mmoja mwaka mzima, mwezi Machi hukawia kama dakika 10 zaidi, na mwanzo wa Oktoba huwahi kama dakika 10. Katikati ya Aprili na mwanzo wa Septemba hulingana na hesabu, na nyakati hizo ndizo nzuri kwa mwalimu kujaribu.

Ubora wa kazi hiyo ni ubora wa saa. Mpimaji ambaye saa yake imetangulia kwa dakika 4 tu atakosea digrii nzima, na kwa hesabu yake mji wa Voi utahama kilomita 111 kwenda magharibi, upite Taveta, uvuke mpaka, usimame Himo katika Tanzania. Hivyo msomaji ataelewa kwa nini ramani za zamani mara nyingi zilikuwa sahihi katika kaskazini na kusini, lakini zilikosea sana katika mashariki na magharibi.

Hesabu hizi hazikubaki katika vitabu vya wataalamu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, waliandika mpaka unaoanza mdomo wa mto Umba, uende moja kwa moja mpaka Ziwa Jipe, upite kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke chini ya Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi mahali ambapo digrii ya kwanza ya kusini inakata ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Angalia aina mbili za maneno yaliyotumika. "Kati ya Taveta na Uchaga" ni maneno ya majina, na mtu akiuliza katikati hasa ni wapi, pana nafasi ya kubishana. "Digrii ya kwanza ya kusini" ni maneno ya hesabu, na mpimaji yeyote mwenye chombo kizuri ataipata, hata kama waliotia sahihi hawakuliona ziwa lile. Lakini kuandika ni jambo moja na kusimamisha mawe ni jambo lingine. Wapimaji wa pande zote mbili walipaswa kuja wenyewe nyikani, na kati ya mwaka 1904 na 1906 tume yao ilitembea kuanzia Ziwa Viktoria ikipima mpaka huo. Wenyeji waliokatwa na mstari huo hawakuulizwa. Hesabu ni chombo chema, lakini haijui ng'ombe wa nani wanakunywa maji wapi.

Basi turudi kwenye simu ya mkononi. Simu hupokea habari kutoka setilaiti zinazozunguka dunia, nazo kazi yao ni ileile ya saa ya Harrison: hutangaza wakati kamili, na simu hupima jinsi habari ilivyochelewa kufika. Mahali palipo wazi huweza kukosea kwa mita chache tu. Voi katika simu huonekana hivi: -3.40, 38.57. Hapa hakuna dakika wala sekunde. Sehemu za digrii zimeandikwa kwa nukta. Hesabu ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 3.40 ndiyo inayosema "kusini".

Alama hiyo ni ndogo kama punje ya wimbi, lakini uzito wake si mdogo. Mtu akiisahau, simu itamtoa Voi imweke digrii 3.40 kaskazini, karibu na Sololo katika Marsabit, ng'ambo ya Ikweta, si mbali na Uhabeshi. Amehama kilomita 750 kwa kuacha mstari mmoja wa kalamu. Na akigeuza mpango, akatanguliza 38.57 na kufuatisha -3.40, atajikuta Hispania, katika nchi ya mizabibu karibu na mji wa Valdepeñas. Gari la wagonjwa haliwezi kufika huko, wala mwenye kuomba msaada wa kufukuza ndovu shambani hatausikia.

Wapima ardhi wa Kenya nao wana desturi yao. Digrii hazipendezi katika kupima shamba, kwa kuwa mkulima hauzi wala hanunui digrii, ananunua mita. Kwa hiyo juu ya ramani za Serikali huchorwa miraba ya mita. Dunia imegawanywa katika vipande 60 kwa kufuata longitudo, na Taita iko katika kipande cha 37, kilicho kati ya digrii 36 na 42 mashariki. Katika miraba hiyo Voi iko karibu na mita 452,000 za mashariki na mita 9,624,000 za kaskazini. Hesabu ya pili ni kubwa hivyo kwa sababu Ikweta imepewa hesabu ya 10,000,000 kwa upande wa kusini, ili pasiwe na alama ya kutoa, na mkosaji akose nafasi ya kuisahau.

Sasa linakuja jambo ambalo limewatatanisha hata watu wenye elimu. Dunia si mviringo kamili. Imebanwa kidogo kwenye ncha zake. Kabla ya kutoa hesabu, lazima mpimaji achague umbo la dunia atakalolitumia, na mahali atakapolishikiza. Ramani nyingi za Kenya za karne iliyopita zilifuata msingi uitwao Arc 1960. Jina hilo limetokana na safu ndefu ya vipimo iliyofuata digrii 30 mashariki, kutoka Afrika ya Kusini hadi Misri, kazi iliyokamilika mwaka 1954. Simu hufuata msingi mwingine, uitwao WGS 84, ambao mwanzo wake ni kitovu cha dunia chenyewe. Misingi hiyo miwili haikubaliani. Jiwe moja lisilohama lina hesabu mbili, na katika Taita tofauti yake ni kama mita 300.

Chukua mfano wa mkulima aliye chini ya mlima wa Ndara, mwenye shamba la ekari moja la mbaazi na mahindi. Anapata karatasi ya zamani yenye hesabu za pembe za shamba lake. Kijana wake anazitia katika simu, na simu inawaongoza mbali na mnyaa wao, upande wa kaskazini, mpaka katikati ya shamba la mtu mwingine. Ekari moja yaweza kuwa na upana wa mita 40 na urefu wa mita 100. Mita 300 ni mashamba matatu ya namna hiyo yaliyofuatana kwa urefu. Asiyejua ataona ameibiwa. Naye jirani, akiona watu wanapima katika mbaazi zake, ataona anaibiwa. Pengine panga litatajwa. Na kumbe hakuna aliyesogeza jiwe. Karatasi ni ya kweli, simu ni ya kweli, lakini kila mmoja amehesabu kwa msingi wake.

Tena Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa ile iliyopimwa na kuthibitishwa rasmi. Kwa hiyo simu si mpima ardhi, na mwenye shaka na apeleke shauri lake kwa msajili wa ardhi na mpimaji aliyeidhinishwa, kabla ya kung'oa hata mti mmoja wa mpakani.

Lakini simu ina kazi njema kwa mwenye kuitumia kwa akili. Mkulima anaweza kusimama kwenye mlango wa nyumba yake, kwenye kisima, na kwenye kila pembe ya shamba, akaandika hesabu hizo katika daftari: kwanza latitudo pamoja na alama ya kusini, kisha longitudo, kisha tarehe, na neno moja la kueleza kwamba zimetoka kwenye simu au kwenye ramani ya zamani. Siku mgonjwa atakapozidiwa usiku, au ndovu watakapoingia katika mahindi, ataweza kuwaambia watu wa mbali mahali alipo bila kunyosha mkono. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba halipotei, lakini habari zake hupotea. Na kwa habari zilizopotea majirani wameuana.